Mtendaji Aliyefichwa: Mimba za Wasichana wa Shule katika Fasihi na Kauli za Umma Jijini Nairobi

Utangulizi

Mimba ya msichana wa shule ni jambo linalolalamikiwa sana nchini Kenya na kuelezwa kidogo. Wabunge wamelijadili, maaskofu na masheikh wamelihubiri, Wizara ya Elimu imelitolea miongozo, na waandishi wa Kiswahili wamelitungia riwaya na hadithi fupi kwa zaidi ya nusu karne. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa waja wazito. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 15. Wastani huu unaficha tofauti kubwa baina ya mahali na mahali: Samburu ilikuwa na asilimia 50, hali Nyeri na Nyandarua zilikuwa na asilimia 5 kila moja.

Makala haya hayakusudii kuzifasiri takwimu hizo, kazi ambayo ina wataalamu wake. Swali lake ni la lugha na la fasihi: jamii husema nini, na kwa sarufi gani, inapolitaja jambo hili? Hoja itakayotetewa ni kwamba katika muda wa miaka hamsini iliyopita fasihi ya Kiswahili imebadilisha hukumu yake juu ya msichana, ikahama kutoka adhabu hadi huruma, lakini haikubadilisha vya kutosha jinsi ya kusema. Mwanamume aliyetenda bado amefichwa, ama na kauli ya kitenzi ama na sura ya zimwi. Nayo kinga, yaani njia za kuizuia mimba isiyotakiwa, haijapata lugha ambayo kijana anaweza kuitumia bila ya aibu. Mifano imechukuliwa zaidi kutoka Nairobi, na pale inapofaa, kutoka Tanzania.

Sarufi ya lawama

Tuanze na vitenzi. Kiswahili kina njia nyingi za kuarifu kwamba msichana ana mimba, na kila njia ina hukumu yake ndani. Husemwa kwamba "amepata mimba", kwa kitenzi kile kile kitumikacho mtu anapopata kazi, pesa au ajali. Kiima cha sentensi ni msichana, naye ndiye anayeonekana kwamba amekwenda akapata. Husemwa pia kwamba "amebeba" au "ameshika" mimba, na hapo tena msichana ndiye mtenda pekee. Inapotakiwa kuonyesha kwamba yuko mtu mwingine, hutumiwa kauli ya kutendwa: "ametiwa", "amepewa", "amepachikwa". Sarufi inaruhusu mtenda atajwe baada ya kiunganishi "na", lakini katika matumizi ya kila siku sehemu hiyo ya sentensi huachwa mara nyingi. Msomaji wa gazeti huambiwa kwamba wasichana kadhaa wamepachikwa mimba, kana kwamba mimba hujipachika zenyewe kama kupe.

Kali zaidi ni kitenzi "haribu". Msichana "aliyeharibiwa" ana angalau kivuli cha mharibifu nyuma yake. Msichana "aliyeharibika" hana hata kivuli hicho, kwa sababu kauli ya kutendeka haihitaji mtenda. Ni kauli itumikayo kwa maziwa yaliyochacha na saa iliyosimama. Kitu kimeharibika, hapaulizwi ni nani aliyekiharibu.

Istilahi za sheria nazo hazikuepukana na tatizo hili. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 imeweka umri wa miaka 18 kuwa mpaka wa utoto, na kumwingilia mtoto ni jinai hata akidaiwa kuwa aliridhia. Magazeti ya Kiswahili ya Kenya hulitaja kosa hilo kwa kitenzi "najisi": mwanamume ameshtakiwa kwa "kumnajisi" mtoto. Chimbuko la neno hili ni unajisi wa ibada, yaani ukosefu wa tohara. Likichunguzwa kwa makini, neno halielezi alichokitenda mwanamume bali hali aliyoachwa nayo mtoto. Mshtakiwa akiachiliwa au akifungwa, doa limebaki kwa mtoto. Hakuna anayedai kwamba waandishi wa habari hukusudia maana hiyo. Neno hufanya kazi yake bila ya kuombwa ruhusa.

Hata jina la jumla linastahili kutazamwa. Kenya imezoea "mimba za mapema", na Tanzania "mimba za utotoni". La kwanza hupima wakati tu: jambo jema limefika kabla ya saa yake. La pili humtaja mwenye kutendewa kuwa ni mtoto, na kwa hiyo humlazimisha msikilizaji aulize mtoto huyo alifikwaje. Katika jambo hili Watanzania wamechagua vyema zaidi.

Sheria iliyomwondoa mtenda

Isifikiriwe kwamba kufichwa huku kwa mwanamume ni mchezo wa sarufi tu. Kuliwahi kutungwa kwa sheria katika jiji la Nairobi lenyewe. Mwaka 1959 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyomwezesha mwanamke asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto ili alipe gharama za malezi. Miaka sita baada ya uhuru, mwaka 1969, Bunge la Kenya liliifuta. Bunge hilo lilikuwa la wanaume watupu, na miongoni mwa hoja zilizotolewa ni kwamba sheria ile iliwahimiza wasichana kuwa walegevu na kuwafanya wajipatie mali kwa mimba. Mjadala uliendeshwa kwa Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili hakikuruhusiwa Bungeni kabla ya mwaka 1974. Kwa hiyo wengi wa waliojadiliwa hawakuielewa lugha waliyojadiliwa kwayo.

Ilichukua miongo minne mtenda kurudishwa. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake wawili, nao wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kwa upande wa elimu, tangu mwaka 1994 Kenya imekuwa na sera ya kumruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, na miongozo yake ikapanuliwa mwaka 2020. Tanzania ilipita njia nyingine: mwaka 2017 Rais John Magufuli alitangaza kwamba mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi katika shule ya serikali, na marufuku hiyo ikaondolewa mwezi Novemba 2021. Katika nchi zote mbili, kwa hiyo, sheria na sera za leo zimekwisha kuacha msimamo ambao maneno ya kila siku bado yanaushikilia.

Kutoka adhabu hadi huruma

Fasihi ya Kiswahili ililiingia suala hili kwa nguvu mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika. Zakaria humpiga binti yake kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana, na Rosa huondoka nyumbani akiwa na hofu ya wanaume bila ya kuwa na maarifa yoyote juu yao. Anapokuwa mbali na fimbo ya baba hana cha kumwongoza, na mwisho wake ni kujiua. Riwaya hii iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na hilo lenyewe ni ushahidi: jamii iliudhiwa na kitabu kuliko ilivyoudhiwa na fimbo ya Zakaria. Kezilahabi aliona wazi kwamba ukali si malezi. Hata hivyo, muundo wa hadithi yake bado unaridhisha wale wanaotaka msichana alipe. Baba anakosoa malezi kwa vitendo vyake, lakini maiti ni ya binti.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliligeuza jambo hili katika Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya aliyoitunga gerezani Kamĩtĩ mwaka 1978, ikatoka kwa Kikuyu mwaka 1980 na kwa Kiswahili, kwa jina la Shetani Msalabani, mwaka 1982. Wariinga alikuwa mwanafunzi hodari wa hisabati huko Nakuru, mjomba wake akamfanya chambo kwa mzee tajiri wa Ngorika. Alipopata mimba, mzee alimkana, na msichana akajaribu kujiua kwa gari la moshi. Msomaji anapokutana naye kwa mara ya kwanza amekwisha kuwa mwanamke wa Nairobi, aliyefukuzwa kazi ya uhazili katikati ya jiji kwa kumkataa mkubwa wake na kutupwa nje ya chumba alichopanga Ofafa Jericho. Ngũgĩ anaunganisha mambo haya matatu katika mnyororo mmoja: mimba ya shuleni, kazi na nyumba. Mtenda katika kila tukio ni mwenye mali. Hapa mwanamume hakufichwa hata kidogo. Mwishowe hulipa kwa risasi. Upungufu wa jibu hilo ni kwamba msichana wa kawaida wa Kibera au Kawangware hana bastola, wala haifai ashauriwe kuwa nayo.

Vitabu vilivyosomwa shuleni katika miaka ya karibuni vimechagua njia ya tatu, yaani huruma. Katika Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora (2012), mtoto mchanga aliyeachwa mlangoni pa Amani huwatia Amani na Imani katika mashaka makubwa, kumbe baba yake ni Mtemi Nasaba Bora aliyempotosha msichana Lowela. Katika Chozi la Heri cha Assumpta K. Matei (2014), Sauna hutendewa unyama na baba wa kambo, na mama yake humsaidia kuitoa mimba kisha humtaka anyamaze. Katika riwaya hiyo hiyo Zohali, mwanafunzi, huikimbia nyumba ya wazazi waliogeuka watesi wake baada ya kupata mimba. Hadithi fupi ya "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassany, iliyomo katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016), humfuata Sara, mwanafunzi aliyebakwa akitoka masomo ya ziada, ambaye huteswa zaidi na mawazo ya yale atakayofanyiwa na baba, mama na mwalimu mkuu kuliko na tumbo lenyewe.

Katika kazi hizi lawama imehama. Hapana mwandishi hata mmoja kati ya hawa watatu anayemwambia msomaji kwamba msichana alijitakia. Ghassany amefanikiwa hasa kwa kuonyesha kwamba rai ya umma inaweza kumwadhibu mtu hata kabla haijatamkwa: Sara anaisikia hukumu yote kichwani mwake, kwa sababu amekwisha kuisikia ikitolewa kwa wengine. Anaposaidiwa na rafiki yake Sarina na Daktari Beluwa, na wazazi wakamkubali, msomaji anafahamu kwamba hofu ile ilikuwa na nguvu kuliko wazazi wenyewe. Naye Matei ameonyesha jambo ambalo wanaume waandishi hawakulifikia: kwamba ukimya wa mama ni sehemu ya kosa. Huo ni ujasiri unaostahili kusifiwa.

Walakini hapana budi kutaja kasoro. Mbakaji katika "Mame Bakari" huitwa "janadume". Jina hilo limejengwa kwa ukuzaji. Linamtoa mtu huyo katika ngeli ya binadamu wenye majina, nyumba na kazi, na kumweka pamoja na mazimwi ya ngano. Athari yake katika hadithi ni kubwa, lakini inamfariji msomaji mahali ambapo hakustahili kufarijiwa. Zimwi halina kwao. Halikai kitako sebuleni, halifundishi, halisali. Mtemi wa Walibora, baba wa kambo wa Matei na mzee tajiri wa Ngũgĩ wana kwao, na ndio maana wanatisha kwa njia iliyo ya kweli zaidi. Darasa linalosoma "Mame Bakari" pekee linaweza kutoka likiamini kwamba hatari iko njiani usiku. Likisoma Chozi la Heri litajua kwamba inaweza kuwa mezani wakati wa chakula.

Kinga isiyo na msamiati

Kasoro ya pili inazihusu kazi hizi zote. Ukizipanga sambamba, utaona kwamba maneno ya busara ya mtu mzima, kama yapo, hufika baada ya tumbo kuonekana. Kabla ya hapo kuna fimbo ya Zakaria, au ukimya. Daktari Beluwa ni mhusika mwenye kauli nzuri, ila ameitwa wakati wa matokeo. Hakuna katika kazi hizi onyesho lenye uzito ambamo mzazi, mwalimu, shangazi au muuguzi anazungumza na msichana au mvulana juu ya mwili wake kabla ya msiba.

Huenda ikajibiwa kwamba riwaya si kijitabu cha zahanati. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Hakuna anayemtaka Walibora au Matei aorodheshe dawa. Linaloulizwa ni kwa nini mazungumzo hayo, ambayo ni tukio la kibinadamu lenye haya, mgongano na mzaha wa kutosha kumfaa msanii yeyote, hayajaonekana kuwa kitu cha kutungiwa. Haiwezi kusemwa kwamba utamaduni haukuyajua. Waswahili wa pwani walikuwa na somo na kungwi waliomfunda mwari kwa nyimbo na mafumbo. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya Wagikuyu, alieleza desturi ya ngwĩko, ambayo iliwaruhusu vijana kukaribiana kwa masharti yaliyozuia mimba. Mafunzo hayo yalikuwa na makosa yake, lakini yalikuwa na lugha. Wamisionari na miji viliyaondoa bila ya kuacha kitu mahali pake.

Nairobi imejaribu kuliziba pengo hilo kwa namna mbalimbali. Programu ya taifa ya upangaji uzazi ilianza mwaka 1967, ya mapema kuliko nyingi za Afrika. Lakini jina lenyewe, "mpango wa uzazi", huchukulia kwamba anayehusika amekwisha kuwa na mume na nyumba. Msichana wa miaka 16 anayelisikia hujua kwamba hakuambiwa yeye. Katikati ya miaka ya 1990 Kadinali Maurice Otunga aliongoza waumini jijini kuchoma hadharani kondomu na maandishi yaliyohusu matumizi yake. Na moto huo nao ulikuwa kauli, tena iliyoeleweka na kila mtu bila ya tafsiri. Kutoka upande wa pili, mwaka 2004 mabango na redio zilieneza neno "Nimechill", katika kampeni iliyowalenga hasa watoto wa miaka 10 hadi 14 ili wajiepushe na ngono.

"Nimechill" ni kauli ya kufikiriwa na mwanaisimu. Kwa kiambishi cha nafsi ya kwanza na kile cha wakati timilifu, mzizi wa Kiingereza ulivalishwa sarufi ya Kiswahili, na kijana akapewa sentensi nzima ambayo angeweza kuitamka mbele ya wenzake bila ya kuonekana mshamba. Kwa mara ya kwanza kujizuia kulikuwa na neno lisilonuka mimbari. Lakini ni kitenzi kisichochukua yambwa, na kiima chake ni mtoto peke yake. Hakimjui baba wa kambo, wala Mtemi, wala jirani mwenye gari. Sara wa Ghassany angeweza kulitamka kila siku na lisimkinge.

Kampeni ya Tanzania ya mwishoni mwa miaka ya 2000 ilichagua njia nyingine. Matangazo ya redio yalimbuni mhusika mtu mzima afukuziaye wanafunzi wa kike, akaitwa "Fataki". Jina lilitoka redioni likaingia mitaani, na mwanamume wa namna hiyo akaanza kuitwa hivyo hadharani. Hapa aliyetajwa ni mtenda, tena kwa jina la kitu kilipukacho kikaumiza. Linganisha na neno lililoenea Nairobi kwa mtu huyo huyo: "sponsa", yaani mfadhili. Lugha moja imemfanyia dhihaka, nyingine imempa cheo. Ingawa neno peke yake haliwezi kumzuia mtu mwovu, linaweza kumpa msichana na majirani zake mahali pa kuanzia.

Nalo neno la kinga ambalo vijana wa Nairobi wanalo kikweli ni "P2", lililotoka katika jina la kibiashara la vidonge vya dharura vinavyomezwa ndani ya saa 72 baada ya tendo. Ni herufi na tarakimu. Halisemi vidonge hivyo hufanya nini, wala kwamba havimkingi mtu na virusi vya Ukimwi. Linafaa kwa kunong'onwa kwenye dirisha la duka la dawa, na umaarufu wake unaonyesha ukubwa wa kimya kilichouzunguka.

Hitimisho

Anayetoka katikati ya jiji kwa Barabara ya Ngong hufika Jamhuri, mtaa uliopakana na Kibera, kisha akaendelea kuelekea Dagoretti na Kawangware. Katika masafa hayo mafupi zimo nyumba zinazokizungumza Kiingereza na watoto wao, nyingine Kiswahili, na nyingine Sheng' ya vijana ambayo wazee hawaifuati. Kwa miaka mingi kitu kimoja ambacho watoto wa nyumba hizi zote walikisoma pamoja ni kitabu teule cha Kiswahili cha kidato cha tatu na cha nne. Chozi la Heri na Tumbo Lisiloshiba vilikuwa na nafasi hiyo katika mitihani ya mwaka 2018 hadi 2022. Ambako somo rasmi na kamili la elimu ya uzazi halipo, mwalimu wa fasihi amejikuta, bila ya kuteuliwa, kuwa ndiye mtu mzima wa pekee aliyeruhusiwa kulitaja jambo hili kwa Kiswahili mbele ya darasa.

Nafasi hiyo ni kubwa mno kutumiwa kwa kuorodhesha "athari za mimba za mapema" kwa ajili ya alama tano. Darasa laweza kupewa kazi ya kuzigeuza sentensi za magazeti kutoka kauli ya kutendwa hadi kauli ya kutenda, na kutafuta kiima kilichokosekana. Laweza kuulizwa nani alijua habari za Lowela kabla ya mtoto kuzaliwa, na kwa nini hakusema. Au kuandika mazungumzo ambayo mama yake Sauna alipaswa kuwa nayo na binti yake mwaka mmoja kabla. Idara za lugha, ambazo zimebuni istilahi za fizikia na za benki, hazijakaa kitako na wauguzi na walimu kutafuta maneno ya mwili, ya ridhaa na ya kinga ambayo mtoto wa miaka 14 anaweza kuyatamka. Kazi hiyo haingoji riwaya mpya. Kuhusu waandishi, wamekwisha kutufundisha kumhurumia msichana. Sasa na wamtunge mtu mzima anayezungumza naye mapema, na mwanamume mwenye jina, kazi na anwani anayeulizwa alichokifanya.